Kisa cha gari la nne: SPI, kristali mbili, na namba iliyokaa pasipo pake

Gari lilishatoka getini kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kupokea wageni wa saa tisa alasiri. Lilipofika Tengeru, dereva akapiga simu. Taa ya injini na taa ya ABS zimewaka kwa mpigo mmoja, na mshale wa mizunguko ya injini unadondoka hadi sifuri, unapanda, unadondoka tena, ilhali injini yenyewe inanguruma kama kawaida. Nikamwambia aegeshe pembeni, azime, achomoe waya wetu kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kisha awashe upya. Mshale ukatulia. Taa ya ABS ikazimika, ya injini ikabaki. Wageni wakafuatwa na gari jingine.

Hilo lilikuwa la nne kati ya magari sita ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha, tuliyopewa kazi ya kuyafungia kifaa cha kuweka kumbukumbu. Mwenye magari alitaka kujua mambo mawili tu: injini inakaa ikiunguruma muda gani gari limesimama wageni wakitazama wanyama, na joto la maji linafika wapi gari likipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu. Yote mawili gari lenyewe linayajua na kuyasema kwenye mtandao wake wa ndani, ule wa CAN. Kazi yetu ilikuwa kuuliza na kuandika majibu. Kwa hiyo kila gari lilipata Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, na bodi ndogo ya bluu yenye chipu ya MCP2515, ambayo upande mmoja huzungumza CAN na gari, na upande wa pili huzungumza SPI, lugha ya nyaya nne kati ya chipu na chipu, na kompyuta.

Magari matatu ya kwanza yalikwenda miezi mitatu bila shida. La nne lilifungwa kifaa cha aina ileile, kwa kadi ya kumbukumbu iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka gari la tatu.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakuna kilichoungua, hakuna waya uliokatika, wala programu iliyoanguka. Kila tulichokiuliza kilijibu kuwa hali ni nzuri. Na hali haikuwa nzuri: tulikuwa tumepeleka barabarani kifaa kinachopiga kelele ndani ya mtandao ambao breki na injini zinautumia kuzungumza. Jambo hilo sikulichukulia kwa wepesi siku ile, na sipendi mwenzangu yeyote alichukulie kwa wepesi.

Kifaa kisichopiga hodi

Ukichomeka flashi kwenye kompyuta, flashi hupiga hodi. Hujitaja: imetengenezwa na nani, ni ya aina gani, inahitaji umeme kiasi gani. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, husikia, ikatafuta kiendeshi (programu ya kukitumikisha kifaa) kinachofaa, mambo yakaenda. SPI haina utaratibu huo. Ni nyaya nne ambazo Motorola ilizibuni miaka ya 1980: moja ya saa, moja ya kupeleka data, moja ya kurudisha, na moja ya kumchagua anayesemeshwa. Kifaa kilicho mwisho wa waya hukaa kimya mpaka kichaguliwe, na hata kikichaguliwa hakisemi jina lake. Hujibu tu anachoulizwa.

Ndiyo maana kerneli lazima iambiwe. Huambiwa kwa maandishi yanayoitwa mti wa vifaa, ambayo hupewa inapoamka: kwenye kidhibiti hiki cha SPI, kwenye waya huu wa kuchagua, kuna chipu fulani, inavumilia kasi hii, na inapokuwa na habari huita kupitia pini ile. Kwenye Raspberry Pi, hayo yote huandikwa kwa kifupi ndani ya faili la mipangilio, `config.txt`. (Tangu toleo la Bookworm la mwaka 2023, faili hilo linakaa `/boot/firmware/`. Lililoko kwenye `/boot/` limebaki kuwa tangazo la kuhama tu, na nimeona watu wakipoteza siku nzima wakiliandika hilo.) Mistari yetu ilikuwa hii:

`dtparam=spi=on`
`dtoverlay=mcp2515-can0,oscillator=16000000,interrupt=25`

Mstari wa kwanza unawasha kidhibiti cha SPI. Wa pili unasema: kwenye waya wa kuchagua namba 0, yaani pini ya 24 kwenye safu ya pini, kuna MCP2515, saa yake inatoka kwenye kristali ya megahezi 16, na ikiwa na ujumbe itaita kupitia GPIO 25 (namba za GPIO ni za kompyuta yenyewe, si nafasi ya pini kwenye safu). Kerneli haina namna ya kuhakiki lolote kati ya hayo isipokuwa moja. Inaweza kuiamuru chipu ijiweke upya, kisha ikasoma rejista kadhaa, yaani visanduku vya namba ndani ya chipu, kuona kama zina thamani zinazotarajiwa. Zikiwa nazo, inaandika mstari huu kwenye kumbukumbu zake:

`mcp251x spi0.0 can0: MCP2515 successfully initialized.`

Watu wengi wakiuona mstari huo wanapumua, wanafunga kasha. Lakini maana yake ni finyu mno: kwamba mwisho wa nyaya hizi nne kuna kitu kinachojibu kama MCP2515. Ina kristali gani, pini ya kuita imeunganishwa wapi, upande wa gari una hali gani, hayo mstari huo hauyagusi.

Namba iliyofanya kazi

Turudi nyuma miezi mitatu. Anayeandaa kadi zetu ni kijana mmoja mwenye bidii ambaye hujifunza haraka kuliko nilivyokuwa mimi umri wake. Alichukua mistari ile miwili kwenye mfano wa mtandaoni, akaunganisha bodi ya kwanza, akafungua mtandao kwa kasi ya biti 500,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo ya magari haya. Ukimya. Hakuna ujumbe hata mmoja.

Alifanya kinachotakiwa. Alitazama `/proc/interrupts` kuona kama chipu inaita. Namba ilikuwa inapanda, kwa hiyo GPIO 25 ilikuwa sahihi. (Namba hiyo ikikaa sifuri wakati mtandao uko wazi na gari limewashwa, angalia waya wa kuita kabla ya kitu kingine chochote. Bodi nyingine huupeleka GPIO 12 au kwingineko, na kerneli itasubiri kwenye pini uliyoitajia hadi kesho kutwa.) Alifanya jaribio la chipu kujisemesha yenyewe, likafaulu. Kisha akajaribu kasi nyingine moja baada ya nyingine, na alipofika 1,000,000, ujumbe ukaanza kumiminika.

Akaandika 1,000,000 kwenye faili la huduma, yaani la programu yetu inayofungua mtandao. Gari likajibu vizuri. Mimi nilipokagua kazi niliiona namba hiyo, nikajua magari haya ni ya 500,000, nikadhani huenda toleo hili lina mtandao wa kasi zaidi. Sikuuliza. Kosa hilo ni langu kuliko lake.

Mezani, Unga Limited

Gari lilirudi gereji jioni ileile. Fundi waya wetu ni mtu mzima, amefungua dashibodi za magari ya safari tangu enzi ambazo hayakuwa na kompyuta hata moja. Kijana alimwamkia, shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye mashine yake ya kusomea makosa.

"U0100 na U0121," akasema. "Maboksi yamepoteana. La injini halikusikika, la ABS halikusikika. Hapa ndani kulikuwa na mtu anawazuia wasizungumze."

Nilianza na waya kwa sababu waya ndiyo huwa na kosa mara nyingi. Gari limezimwa, nikapima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 ya soketi: omu 60. Ni sawa kabisa, kwa sababu mtandao wa CAN hubeba rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho. Nikachomeka bodi yetu, ikabaki 60. Ingekuwa 40 ningejua kwamba mtu amesahau kuchomoa kile kiunganishi kidogo kwenye bodi kinachoongeza rezista ya tatu. Umeme nao ulikuwa sawa: mzee mwenyewe alikuwa ametenga volti 3.3 za chipu na volti 5 za upande wa gari, maana pini za Raspberry Pi hazivumilii volti 5.

Basi tukaacha gari, tukajenga mtandao mdogo mezani. Upande mmoja adapta ya USB ya CAN iliyopangwa 500,000, upande wa pili Raspberry Pi moja, kadi ileile, na bodi mbili tunazozibadilisha: moja tuliyoichomoa gari la tatu, nyingine ya gari la nne. Bodi ya zamani ilisikia kila kitu. Bodi mpya ilizaa makosa tangu sekunde ya kwanza. Kadi moja, nyaya zilezile, kiendeshi kilekile. Kilichobadilika ni bodi peke yake.

"Lakini kaka," kijana akasema, "zote mbili kerneli inasema zimeamka vizuri." Akanionyesha mstari ule. Ulikuwa mmoja kwa zote, herufi kwa herufi. "Halafu angalia hapa." Akaandika:

`ip -details link show can0`

Kati ya mistari iliyotoka, mwishoni kabisa, kulikuwa na maneno haya: `clock 8000000`. Akageuza bodi ya zamani tuone kristali, kile kibati cha fedha chenye umbo la kidonge kirefu. Juu yake imechongwa 8.000. "Si nane hiyo? Kerneli imeitambua yenyewe."

Hapo ndipo tulipokaa karibu nusu saa, na hapo ndipo kisa chote kilipo.

Kerneli haikuwa imetambua kitu. MCP2515 hugawa saa ya kristali kwa mbili kabla ya kuitumia kupimia biti, kwa hiyo kiendeshi huchukua namba uliyoitaja kwenye `oscillator`, kikaigawa kwa mbili, na nusu hiyo ndiyo inayoonyeshwa. Sisi tulitaja milioni 16. Nusu yake ni milioni 8. Kijana alikuwa anasoma maneno yetu wenyewe yaliyorudishwa kwetu, na kwa bahati mbaya yakalingana na maandishi yaliyoko juu ya kristali. Kama kerneli ingekuwa imeambiwa ukweli kuhusu bodi ile ya zamani, pale pangesomeka 4000000, na huenda mtu angeshtuka mapema zaidi.

Ukitaka kuona kile ambacho kerneli imeambiwa hasa, bila kugawanywa, usome mti wa vifaa ulio hai:

`dtc -I fs -O dts /proc/device-tree | grep -A4 can0_osc`

Kwetu ilitoka `clock-frequency = <0xf42400>`. Hiyo ni milioni 16 kwa hesabu ya kumi na sita. Milioni 8 ingeandikwa `0x7a1200`.

Mzee akaomba bodi mpya. Akaiinua kwenye taa, akaisogeza karibu na miwani. "Hii yako imeandikwa 16.000," akasema. Rangi ileile ya bluu, chipu zilezile, mpangilio uleule wa pini, kutoka duka lilelile la Kariakoo tunakoagizia mizigo ije na basi. Kristali tu ndiyo imebadilika. Bodi za namna hii zipo sokoni za megahezi 8, 12 na 16, na hakuna linaloandikwa kwenye mfuko.

Hesabu

Hesabu yenyewe haitishi. Bodi ya zamani ina kristali ya 8. Ukweli ni kwamba chipu inapata saa ya milioni 4 baada ya kugawa. Kerneli ilidhani inapata milioni 8. Ulipoiomba 500,000, ilipanga biti moja iwe na vipande 16 vya saa. Chipu ikahesabu vipande 16 kwa saa yake ya kweli, biti ikatoka ndefu mara mbili, kasi halisi ikawa 250,000. Ndiyo maana siku ya kwanza kulikuwa kimya. Ulipoiomba 1,000,000, ilipanga vipande 8, na vipande 8 kwenye saa ya milioni 4 ni 500,000 kamili. Kijana alipiga shabaha bila kujua shabaha iko wapi.

Bodi mpya ina kristali ya 16, kama kerneli ilivyoambiwa. Kwa hiyo ilipoombwa 1,000,000 ilitoa 1,000,000 ya kweli. Tulishika ishara kwa kile kisanduku cha USB cha kuchora mawimbi: biti moja ilikuwa mikrosekunde 1. Kwenye mtandao wa 500,000 inatakiwa iwe 2.

Kumbuka jaribio la kujisemesha lililofaulu siku ile ya kwanza. Lazima lifaulu. Chipu inapojisikiliza hutumia saa moja kusema na kusikia, hata saa hiyo ikiwa na kosa la mara mbili au mara tano. Jaribio hilo linapima nyaya za SPI na kiendeshi, na kwa hilo ni zuri. Halipimi kasi.

Kwa nini kelele haikukoma

Mtandao wa CAN una kinga. Chipu inayokosea hujihesabia makosa: ikizidi 127 hupunguziwa haki ya kuvuruga wengine, na makosa ya kutuma yakifika 256 hujitoa mtandaoni kabisa. Kinga hiyo ingetosha kuifanya bodi yetu inyamaze kabla dereva hajafika hata barabara kuu.

Lakini tulikuwa tumeandika `restart-ms 100` kwenye faili la huduma. Amri hiyo inaiambia kerneli kwamba chipu ikijitoa, irudishwe baada ya milisekunde 100, ikiwa na hesabu safi na haki zake zote. Imejaa kwenye mifano mingi ya mtandaoni, na mezani inasaidia. Ndani ya gari lenye kasi isiyolingana, ilimaanisha kwamba kila kinga ilipofunga mlango, sisi tuliufungua tena. Programu yetu ilikuwa inatuma swali kila sekunde. Kila swali liligonga mazungumzo ya injini na ABS, chipu ikakosea mpaka ikajitoa, ikarudishwa, ikagonga tena. Mshale wa dereva ulikuwa unacheza kwa mdundo huo.

Siweki tena `restart-ms` kwenye gari. Kama chipu imeamua kujitoa, kuna sababu, na nataka iandikwe kwenye kumbukumbu na ibaki nje mpaka mtu aangalie.

Tulichobadilisha

Kijana aliuliza swali la haki kabisa. Ikiwa 16 na 1,000,000 kwenye bodi ya zamani inaandika kwenye rejista thamani zilezile ambazo 8 na 500,000 ingeandika, kosa liko wapi? Chipu haijui tofauti.

Chipu kweli haijui. Lakini namba hizo mbili zina wenyewe. Kristali ni habari ya bodi: inakaa kwenye mti wa vifaa, na inabadilika bodi ikibadilika. Kasi ya biti ni habari ya gari: inakaa kwenye huduma, na inabadilika gari likibadilika. Sisi tulichukua ukweli wa bodi tukauficha ndani ya namba ya gari. Siku tuliyonakili kadi, tulinakili habari ya bodi ambayo haikuwepo tena. Mtu yeyote anayesoma 1,000,000 pale hawezi kuuliza kuhusu kristali, kwa sababu pale hakuna kinachohusu kristali.

Mstari wa bodi za zamani sasa ni huu:

`dtoverlay=mcp2515-can0,oscillator=8000000,interrupt=25,spimaxfrequency=2000000`

Bodi mpya inabaki na 16000000. Huduma kwenye magari yote inasema 500000.

Hiyo `spimaxfrequency` niliiongeza kwa sababu nyingine. Chipu inavumilia SPI hadi megahezi 10, na mstari huo wa `dtoverlay` hutumia 10 usipotaja. Nyaya zetu ndani ya kasha ni ndefu kuliko ninavyopenda, na gari linatikisika. Swali lilikuwa kama kupunguza hadi 2 kutafanya ujumbe upotee, kwa sababu MCP2515 ina nafasi mbili tu za kupokelea. Ujumbe wa kawaida wenye baiti 8 una biti 111 bila kuhesabu zile za kujazia, yaani takriban mikrosekunde 222 kwenye mtandao wa 500,000. Kuusoma kupitia SPI ni baiti 14, biti 112, mikrosekunde 56 kwa megahezi 2. Nafasi ipo ya kutosha. Ukiona hesabu ya `overrun`, yaani ujumbe uliopotea kwa kukosa nafasi, inapanda kwenye `ip -s -d link show can0`, mara nyingi kompyuta imechelewa kuitikia mwito, wala si waya wa SPI.

Badiliko kubwa zaidi ni namna ya kuingia kwenye gari. Huduma sasa haifungui mtandao kwa haki zote moja kwa moja. Inaanza hivi:

`ip link set can0 up type can bitrate 500000 listen-only on`

Kwa hali hiyo chipu husikiliza tu. Haitumi, haikiri kupokea, wala haipigi kelele ya makosa hata kasi ikiwa si yenyewe. Huduma inahesabu ujumbe kwa sekunde kumi. Ikiusikia bila kosa, inafunga na kufungua upya kwa haki kamili. Isiposikia kitu, inabaki kimya na kuandika. Ningeweza kuifanya ijaribu kristali zote tatu yenyewe mpaka ipate inayosikia, nilikataa. Kristali inaonekana kwa macho, na anayefunga bodi aitazame, aandike namba kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha. Mzee alisema kasha zote zipite kwake kwanza, na amelisimamia.

Gari la nne tulilijaribu siku ya pili yake ndani ya uzio, kwa kusikiliza tu kwanza. Ujumbe ulipomiminika bila kosa, tukafungua haki na kuuliza mizunguko ya injini:

`cansend can0 7DF#02010C0000000000`

Jibu lilirudi kwa namba `7E8`, na ndani yake `04 41 0C 0B B8`. Baiti mbili za mwisho ni 3000 kwa hesabu yetu ya kawaida. Unagawa kwa 4, unapata mizunguko 750 kwa dakika. Mzee aliinama dirishani kutazama mshale. Ulikuwa umesimama palepale, kidogo chini ya 800. Akafuta yale makosa mawili kwa mashine yake, tukalipeleka gari hadi Makuyuni na kurudi, kama kilomita 160, dereva yuleyule. Hakuna taa iliyowaka.

Kisha zikaja kazi za magari matatu ya mwanzo, kila moja liliporudi kutoka mbugani. Kwenye gari la pili kijana alirekebisha kristali kuwa 8000000 lakini akasahau huduma, iliyobaki na 1,000,000. Safari hii kerneli ilikataa kufungua mtandao. Kwa saa ya milioni 4, na biti ambayo kiendeshi hakikubali iwe na vipande chini ya 6, kasi kubwa inayowezekana ni kama 666,000, na kerneli ikasema tofauti na 1,000,000 ni kubwa mno. Miezi mitatu nzima isingeweza kusema hivyo, kwa sababu hatukuwa tumeiambia kristali iliyopo. Kijana aliniita nije nisome ujumbe ule kwenye kioo, akabadilisha namba ya pili, akafunga kasha na kuandika 8 juu yake.